Pete ya Mfereji

Kwa wewe ambaye hukusoma wiki zilizopita, nitakueleza kwa ufupi halafu tuendelee, maana kifua changu bado ni moto.

Mimi naitwa Aluoch. Nakaa Soweto West, hapa Kibera, na nauza mandazi na viazi karai mbele ya nyumba. Nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo nikiandika vibaya mnisamehe, nyinyi chukueni maana. Mume wangu alishatangulia. Nina binti mmoja, Amondi, anasuka nywele kwa saluni moja kule Kawangware. Alichumbiwa na Chege, kijana wa Wagaki, yule mama mwenye ploti ya nyumba za kupanga huko huko Kawangware. Chege akamvisha pete ya dhahabu mbele ya familia mbili. Mwezi wa pili haujaisha, kidole cha binti yangu kikageuka kijani kama mboga ya sukuma.

Kumbe pete ilikuwa brasi. Ile chuma ya mifereji, bomba za kufungulia maji, na kufuli.

Wagaki akasimama mbele ya akina mama wa kikundi chake cha kanisa, akapeperusha risiti ya duka, akasema: "Sisi tulinunua dhahabu. Hawa watu wa Kibera wameuza dhahabu wakajivisha mfereji." Chege akavunja uchumba. Tangu siku hiyo, Amondi akisuka mtu, mteja anakaa ameshika mkoba kwa mapaja na mikono miwili kama mtoto mchanga.

Binti yangu ameitwa mwizi. Hilo ndilo lililoniamsha kila siku nikiwa nimeuma meno.

Wiki iliyopita niliwaacha pale nilipofunga ile pete kwa ncha ya leso, nikaapa kwamba Wagaki atayala maneno yake mbele ya wale wale akina mama, na atayameza bila chai.

Sasa sikiza.

Jumatatu sikukaanga kitu. Nilimwachia jirani yangu Hope karai na mwiko.

"Lakini Mama Amondi," Hope akaniambia, "si tuliijaribu na sumaku ya spika ikakataa kushika? Dhahabu haishikwi na sumaku!"

Ni kweli tuliijaribu. Hope hata alipiga vigelegele majirani wakatoka nje. Wewe mama unayesoma hii, hilo andika mahali: dhahabu haishikwi na sumaku, na brasi pia haishikwi. Ukienda kununulia mtoto pete, wacha sumaku nyumbani. Angalia ndani ya pete, kuna namba imepigwa muhuri, ndogo kama chawa. Isome. Ipige picha na simu kabla haijatoka dukani. Sisi hatukuisoma. Tulikuwa tunapiga vigelegele.

Nikashuka Laini Saba, kando ya reli, pale vijana wanayeyusha mifereji ya zamani na kutengeneza bangili na hereni za watalii. Niliuliza kibanda kimoja, nikauliza cha pili. Cha tatu kilikuwa cha kijana anaitwa Osewe. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso kama kilemba.

"Niaje mathe," akanisalimu, mathe kwao ni mama. "Unataka ya masikio ama ya mkono?"

"Sitaki kununua. Nataka uniangalilie hii."

Akaifungua kutoka kwa leso. Akaisugua na kidole gumba. Akainusa.

"Hii ni mfereji," akasema. "Na si hizi za siku hizi. Ni mfereji wa kitambo, ile nzito. Siku hizi wanatengeneza za plastiki, wanatumaliza kabisa."

"Umejuaje haraka hivyo?"

"Kwa sababu nilitengeneza mimi."

Nikakaa kwa ndoo bila kukaribishwa.

Akanigeuzia pete, akanionyesha ndani. Mistari mitatu midogo, imelala pamoja. "Kila fundi hapa ana alama yake. Yangu ni mkwaruzo wa tupa, ile ya kusugulia chuma, mara tatu. Hata nikikufa mtu atajua hii ni ya Osewe."

"Nani alikuagiza?"

"Jamaa fulani. Namkumbuka, mathe, kwa sababu watu huniletea picha kwa simu. Huyu aliniletea dhahabu yenyewe! Akaiweka hapa kwa hii meza, akasema nimtengenezee pacha wake. Akakaa hapo hapo umekaa, kwa hiyo ndoo, macho haitoki kwa dhahabu yake. Nikamaliza, nikapaka vanishi isichakae haraka. Akaenda na zote mbili."

Zote mbili.

Mwili wangu ukaingiwa na baridi, lakini baridi tamu. Nilimwona Chege waziwazi. Nilimwona amekaa kwa ile ndoo na viatu vyake vya bei, anaangalia dhahabu, anafikiria: hawa wa Kibera watajua nini? Anaweka dhahabu mfukoni, anamletea mtoto wangu mfereji. Halafu mama yake anasimama na risiti!

"Alikuwa jamaa wa aina gani?"

"Wa kawaida tu. Kofia. Anaongea polepole."

"Ana pesa?"

"Mathe, mtu ako na dhahabu kwa mkono, unaniuliza kama ana pesa?"

"Ukimwona utamjua?"

"Huyo? Alitaka kwenda bila kunilipa mpaka nikamshika koti. Namjua hata kwa mgongo. Tena kulikuwa na kitu alisema kuhusu saizi, ati..."

"Wacha mambo ya saizi," nikamkata. "Jumapili utakuja Kawangware useme haya mbele ya watu?"

Osewe akakuna kichwa chini ya miwani. "Huko kuna chakula?"

"Kuna chapati. Na kuna aibu ya watu wengine."

"Basi nakuja."

Nilimkata. Mnaona? Mtu alikuwa amefungua mdomo kunipa sentensi moja, nikaifunga na mkono wangu mwenyewe, kwa sababu nilishapata niliyoitaka. Ningemwacha amalize, singekuwa naandika haya.

Na kwa kuwa tumetaja saizi, kuna kitu sijawaambia wiki zote hizi.

Kabla ya kununua pete, Chege alinijia kisiri. "Mama, nataka kumshtua Amondi. Nisaidie na kipimo cha kidole." Nikafurahi, nikajiona mama wa maana. Jumapili mchana Amondi alilala baada ya kanisa, nikamfunga uzi kwa kidole, nikaukata, nikampa Chege uzi.

Kosa. Msichana wa kusuka, kidole chake cha Jumapili si kile cha siku za kazi. Jumapili mikono imepumzika, imelala. Ikifika Alhamisi amesuka vichwa kumi na viwili, ameosha nywele na maji ya moto, vidole vimevimba kama soseji. Nawaambia akina mama: msipime kwa uzi, na msimpime mtoto akiwa amelala. Mpeleke mwenyewe dukani, jioni, akitoka kazini, ajaribu kwa mkono uliochoka. Mshtuko hauna faida. Mshtuko niliupata mimi.

Pete ikambana. Wiki ya pili hakuwa anaweza kuitoa mpaka nimpake mafuta ya kukaangia. Amondi akasema tumwambie Chege airudishe dukani ipanuliwe. Nikakataa. Kwetu na kwao, msichana akitoa pete kabla ya harusi watu wanasema amekataa mtu. Wagaki hakuwa ananipenda kutoka mwanzo, angepata la kusema. Nikaipeleka kimya kimya kwa shemeji yangu Lazarus, mdogo wa marehemu, ambaye anajua watu kila mahali. Lazarus akaipanua kwa mtu wake, akaileta Ijumaa, ikaingia vizuri. Yakaisha.

Kwa hivyo Wagaki aliponiuliza kama pete imewahi kutoka kwa kidole, nilimwambia haijatoka hata akioga. Niliona si uongo mkubwa. Siku nne tu. Tena kwa mtu wa nyumbani.

Liwekeni hapo kando. Mimi nililiweka kando pia.

Jioni nilimpata Amondi anachambua omena, wale samaki wadogo. Nikamwambia yote ya Osewe. Sikupumzika hata kwa koma.

"Mama," akasema, "wacha."

"Niwache? Mtu amekuita mwizi!"

"Mimi nimewacha. Nitatafuta saluni nyingine. Kuna moja Riruta wanataka msusi."

"Na huko Riruta watu hawana masikio? Kesho utaenda Rongai, kesho kutwa utaenda wapi, mbinguni?"

Hakucheka. Alikuwa anatoa vichwa vya omena moja moja, polepole, kazi ambayo hufanya haraka.

"Mama, ile wiki ilikuwa inanibana..."

"Usianze."

"Nauliza tu, huyo jamaa alienda kwa fundi siku gani?"

"Siku gani ya nini? Alienda kabla akuvishe, ama angeenda lini? Wewe unamtetea huyo kijana mpaka sasa!"

Akaniangalia. Macho ya baba yake kabisa, yale ya kukuhurumia kabla hujajua umekosa wapi.

"Unataka jina langu lisafishwe, ama unataka Mama Chege alie?"

"Nataka vyote," nikamwambia. Na ilikuwa kweli, ila cha pili nilikitaka zaidi. Leo nasema. Nilikuwa nalala nikipanga vile uso wa Wagaki utaanguka. Kuna siku ulianguka ukiwa na kikombe mkononi, kuna siku unaanguka bila kikombe. Ule wa kikombe niliupenda.

Sasa Wagaki si mtu wa kuvamia. Ukimpigia simu umwambie unakuja kupigana, atafunga geti. Nikatumia akili. Nilimpigia Jumatano, nikalainisha sauti mpaka nikajishangaa.

"Mama Chege, nimekaa nimeomba. Nataka kuja Jumapili niombe msamaha mbele ya akina mama. Wote waliokuwa siku ile."

Nikamsikia anatabasamu. Ndio, unaweza kusikia mtu akitabasamu kwa simu.

"Hiyo ni roho nzuri, Mama Amondi. Nitawaita. Hata wale hawakuwepo, nitawaita."

"Waite wote," nikasema. "Waite kabisa."

Mtego wangu, na yeye ndiye atakayepika chapati zake!

Nikabakisha Lazarus. Baba yake Amondi hayuko, na mambo ya uchumba huwezi kwenda wanawake peke yenu, lazima mwanaume wa ukoo asimame. Siku ya pete Lazarus ndiye aliyesimama mahali pa marehemu. Tena ndiye aliyemlipia Amondi karo baada ya mazishi. Sitamsema vibaya mapema.

Nilimpata anafuta nduthi yake mpya, ile pikipiki aliyoanza kuendesha mwaka huu.

"Nyar Alego," akasema, polepole vile huongea, kofia kichwani. Huniita hivyo, binti ya Alego, nilikozaliwa. "Hii maneno si iliisha?"

"Haijaisha. Nimepata fundi."

"Fundi gani?"

"Wa Laini Saba. Ndiye alitengeneza ile pete. Anasema akimwona aliyemtuma atamjua hata kwa mgongo."

Lazarus akainama kufuta tangi. Lilikuwa limeshang'aa. Akalifuta tena pale pale.

"Hapana," akasema. "Huwezi kupeleka mchoma mifereji kwa sebule ya watu wenye ploti. Watatucheka. Mimi siendi."

"Unaogopa Wagaki?"

"Naogopa aibu."

"Lazarus, wewe ndiye baba yake. Usipokuja wataniona sina ukoo."

"Na huyo fundi akienda, mimi sitaenda. Chagua."

Nikaona ni maringo ya wanaume. Anaona haya kukaa kiti kimoja na kijana wa jua kali. Basi nikamdanganya na yeye pia, kwa nini nisimdanganye? Nilishaanza.

"Sawa. Fundi nimemwacha. Tutaenda sisi tu."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Akashusha pumzi. "Kama hakuna fundi nitakuja. Lakini nitachelewa kidogo, nina mteja wa kupeleka."

Hesabuni wenyewe uongo ulifika ngapi. Mimi siku hiyo sikuhesabu. Nilikuwa najiona jenerali.

Jumapili ikafika.

Nyumba ya Wagaki iko ghorofa ya juu ya ploti yake, Kawangware, ukielekea Riruta. Tulipanda mimi, Amondi na Osewe. Osewe alikuwa ameosha uso lakini miwani imeacha alama nyeupe kuzunguka macho, anaonekana kama mtu aliyeshtuka. Mimi nilikuwa na Biblia yangu kwapani. Niliibeba kwa ajili ya Chege, aapishwe nayo.

Akina mama walikuwa wamejaa. Wengine wamekaa kwa mikono ya viti. Chai imemiminwa, chapati zimefunikwa.

"Karibu, Mama Amondi, karibu," Wagaki akasema, amevaa ile suti yake ya maua. "Na huyu ni nani?"

"Ni kijana wetu," nikasema. "Amenisindikiza."

"Sasa wamama," Osewe akasalimu, jicho liko kwa chapati.

"Mpe sahani," Wagaki akasema. Akageukia wenzake. "Akina mama, mgeni wetu ana neno. Ni neno la unyenyekevu. Tumsikize bila kumhukumu."

"Amina," akasema mmoja mnene anaitwa Waithira, ambaye siku ile ya matusi ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa nimemwekea aibu yake pia.

Nikasimama.

"Mama Chege, nilisema kutakuwa na msamaha hapa leo. Na utakuwepo. Lakini si mimi nitakayeuomba."

Kijiko kikanyamaza ndani ya kikombe.

Nikafungua leso, nikaiweka pete mezani kando ya chapati. "Huyu kijana ni fundi. Osewe, waambie hii ni nini."

Osewe akameza haraka, akafuta mafuta kwa suruali. "Hii ni mfereji."

"Mfereji kabisa?" Waithira akauliza.

"Kabisa, mama. Ukiiweka kwa sikio utasikia maji."

Wakacheka. Hata Chege, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, akacheka kidogo. Cheka, nikasema moyoni. Cheka vizuri, ni ya mwisho.

"Nani aliitengeneza?"

"Mimi. Alama yangu iko hapo ndani."

"Na aliyekuagiza alikuja na nini?"

"Na dhahabu yenyewe. Nikamtolea pacha."

"Akaenda na ipi?"

"Zote mbili."

Aiii, mngesikia hiyo sebule! "Ngai! Mungu wangu!" akina mama wakashika vifua. Waithira akaweka chapati chini. Na Wagaki, Mungu ni shahidi, alikuwa ameshika kikombe. Kikainama vile vile nilivyokuwa nimekipanga kichwani, mpaka chai ikamwagikia yale maua ya suti.

"Chege?" akasema. Haikuwa sauti ya mwenye ploti. Ilikuwa ya mama kama mimi.

Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia hapo. Sikumhurumia. Nilisikia utamu mpaka kwa vidole vya miguu.

"Mum, mimi sijui hii maneno," Chege akasema.

"Utajua," nikamwambia. "Kuja kwa mwangaza. Usijifiche kwa pazia kama panya. Osewe, ni huyu?"

Osewe akasimama. Akamwangalia Chege usoni. Akazunguka, akamwangalia mgongo. Akarudi mbele.

"Hapana," akasema.

"Angalia vizuri."

"Mathe, nimeangalia mbele na nyuma. Huyu sijawahi kumwona. Yule ni mfupi kwa huyu, na ni mtu mzima. Na isitoshe..."

"Isitoshe nini?" Aliyeuliza ni Wagaki.

"Yule alitaka hii ya mfereji ikuwe kubwa kidogo kuliko ya dhahabu. Hiyo ndio nilikuwa nakuambia Jumatatu, mathe, ukanikata. Alisema ile ya dhahabu inabana msichana."

Inabana msichana.

Nilisikia hayo maneno yakiingia sikio moja, na hayakutoka.

Chege alikuwa anafikiria kwa uso. "Inabana? Amondi, kwani pete ilikuwa inakubana? Hukuwahi kuniambia."

Amondi hakumwangalia. Aliniangalia mimi. Na hapo nikajua kwamba yeye alishajua tangu ile jioni ya omena. Siku zote hizo alikuwa amebeba jina la mwizi ili mimi nisijue ni nani, na ili watu wasijue nilidanganya. Na mimi nilikuwa namwambia usianze.

Kofia. Anaongea polepole. Nduthi mpya.

"Mama Amondi." Wagaki alikuwa ameshaweka kikombe chini. "Mimi nimekaa na wapangaji miaka thelathini. Mtu akinidanganya namwona rangi ikihama. Yako imehama."

"Ni joto," nikasema.

"Ni joto." Akanyoosha mkono, akachukua Biblia yangu kutoka kwapani mwangu, taratibu, kama mtu anayemtolea mwenzake koti. Akaiweka mezani, juu ya kitambaa, kando ya pete. "Hii ulimletea kijana wangu, si ndio? Sawa. Lakini uanze wewe. Hapa hapa ulituambia pete haijawahi kutoka kwa kidole cha huyu msichana, hata akioga. Weka mkono. Rudia."

"Aweke," Waithira akasema.

Wewe unayesoma, usiniambie ungefanya nini. Nilikuwa nimebakisha sentensi moja tu. Nikisema haijatoka, basi mtu mwenye dhahabu alitumwa na Chege, nani angebisha? Binti yangu anatoka pale safi, na Wagaki anabaki na chai kwa nguo. Nikisema ilitoka, mwizi ni wetu, ni yule aliyemlipia mtoto karo, na mimi ni mwongo mbele ya akina mama ishirini walioitwa kwa simu yangu mwenyewe.

Nikaweka mkono juu ya Biblia.

Nikafungua mdomo.

Mlango ukabishwa.

"Hodi hapa," sauti ikasema kutoka nje, polepole, kama kawaida yake. "Samahani nimechelewa."

Osewe akaacha kutafuna. Shingo yake ikageuka kuelekea mlango, na nikaona anatafuta kichwani mwake hiyo sauti ameisikia wapi.

"Ni nani huyo?" Wagaki akauliza.

"Ni mtu wa boda tu," nikasema. "Mwambieni arudi baadaye."

"Ni baba mdogo," Amondi akasema, na akasimama. "Wacha nimfungulie."

"Amondi, kaa chini. Nyathina, mwanangu, tafadhali, kaa."

Alinipita karibu mpaka nguo yake ikanigusa.

"Si ulitaka mbele ya watu, Mama," akasema, bila hasira hata kidogo.

Akashika komeo la mlango na mkono wa kushoto. Ule wa pete. Kidole kile bado kina mstari wa kijani, hautoki hata kwa sabuni. Na mkono wangu bado uko juu ya Biblia, mdomo umefunguka, na sijasema neno.